Jibu la Jiji la Chumvini

Bonge la chumvi liliingia ukumbini saa saba na robo mchana, Siwatu akiwa kafika kifungu cha saba cha muswada wa Jimbo. Lilivunja kioo, likamchana Diwani Fungameza begani, likabiringika hadi chini ya kiti cha Meya. Lilikuwa la kijivu, gumu, la ukubwa wa ngumi mbili, aina ile wanayoivunja kwa nyundo kule kwenye majaruba ya chumvi. Nje mtu alikuwa akilia kwa sauti ya kukatika, halafu akanyamaza.

"Endelea, Karani," alisema Meya Ndimbo. Hakutazama hata dirisha.

Siwatu akaendelea. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne kuwa karani wa Baraza la Jiji. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na kazi aliyoajiriwa ilikuwa kusoma mpaka mwisho. "Kifungu cha saba. Mamlaka juu ya shanga za wakazi yanahamishwa kutoka mabaraza ya miji kwenda Ofisi ya Usalama ya Jimbo. Sharti la kuonja linafutwa."

"Linafutwa," alirudia Fungameza huku akijipangusa damu. "Mstari mmoja. Hata samahani hawakuweka."

Kwa asiyeijua Chumvini, hapa lazima nisimame kidogo. Kila mkazi wa jiji lile ana ushanga. Anapandikizwa nyuma ya shingo akitimiza miaka saba, kidude kisichozidi punje ya mtama, nacho husikiliza mtambo mmoja tu, ule uliomo ndani ya sanduku la mninga pale pale ukumbini, mbele ya kiti cha karani. Baraza likipiga kura na karani akigeuza ufunguo, shanga za watu wa eneo lililotajwa huchoma mishipa kwa muda wa pumzi tano, na watu huanguka walipo. Walioanzisha jambo hili ni wale waliosalia baada ya vita vya majaruba, wakati jirani alipomchinja jirani kwa kugombea mfereji. Na kwa kuwa hawakuwa wajinga, wakaweka sharti. Anayetaka watu wachomwe aonje kwanza yeye, kiganja juu ya bamba la shaba, kwa nguvu ile ile, wenzake wakimwona. Nguvu halali ni ile inayompigisha diwani magoti, isizidi wala isipungue. Mwenyeji huonja maji kabla ya kumpa mgeni kata, na wao waliona hakuna ulinzi kuliko huo. Hata mwaka usio na wa kuchomwa, madiwani huonja siku ya kufungua Baraza, ili wasisahau.

Sasa Jimbo lilikuwa linautaka mtambo. Sababu waliyoitoa ni kwamba Chumvini ina fujo na haiwezi kujitawala. Na ili fujo ipatikane, asubuhi ile walileta askari wao, malori matatu, eti kuisindikiza bahasha ya muswada.

Wafanyakazi wa majaruba waliusoma muswada ule kabla ya madiwani wenyewe. Walielewa upesi kwamba siku Jimbo likishika shanga, mgomo umekwisha, na atakayeweka nyundo chini ataanguka nayo. Wakaja watu elfu nne kulilinda jengo la Baraza. Askari wakafyatua risasi, saba wakafa kwenye ngazi, na baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza mtu. Siwatu alimwona kwa macho yake askari mmoja akivutwa kutoka kwenye lori, akavuliwa kofia ya chuma, nyundo zikashuka juu yake kwa zamu, kwa mpangilio ule ule wanaovunjia mabonge. Aliyekuwa akiita zamu alijifunga kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa Shaweji, mdogo wake wa tumbo moja.

Alirudi kwenye karatasi zake na hakumwambia mtu.

"Bunge la Jimbo linapiga kura saa kumi," alisema Meya. "Barua yetu ya kupinga iko tayari, na Karani kaiandika vizuri. Lakini nani atasoma barua ya jiji linaloponda askari vichwa? Wana malori arobaini zaidi njiani. Yatavuka daraja kabla ya saa kumi. Yakikuta uwanja huu ulivyo sasa, watu watauawa wote, na kura itapita bila mtu kusimama." Akavuta pumzi. "Tuwaangushe wenyewe. Uwanja mzima, mara moja. Wakiwa chini hakuna wa kupiga wala wa kupigwa. Jimbo lione mkono wetu unatosha."

"Ni watu wetu," alisema Tekla Mwiru. "Wamekuja kwa ajili yetu, Mheshimiwa."

Tekla ndiye aliyekuwa mpya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule majaruba, ameapishwa Jumanne iliyopita kuziba nafasi ya diwani aliyefariki. Wengine wote wanane walikuwa wakirudi wao kwa wao kwa miaka kumi na moja, uchaguzi hadi uchaguzi, mpaka viti vimeshika umbo lao.

"Ndiyo maana nataka wabaki hai, mwanangu," alisema Meya, na alimaanisha.

Tekla alitazama dirishani kwa muda. Chini kule bunduki ilipiga mara mbili, na mtu akaanza kuita jina la mama yake. "Basi," alisema. "Bora waumie pumzi tano." Akainua mkono, wa tisa na wa mwisho.

Hata Siwatu, ambaye hana kura, aliafiki moyoni. Alimfikiria Shaweji akianguka, akilala pumzi tano, akiamka na hasira zake na roho yake ikiwa bado ndani. Aliona ni bei nafuu.

Akavuta kamba ya king'ora. Nje vipaza sauti vikatangaza maneno yanayotolewa tu kabla ya watu kuchomwa, ambayo jiji lilikuwa halijayasikia kwa miaka kumi na moja: Baraza linaonja.

*

Walipanga mstari mbele ya bamba. Fungameza alitangulia, maana ndiye mkongwe na nguvu hupimwa kwake. Siwatu aliuanzia mshale pale ulipoishia mwaka jana. Mzee akaweka kiganja, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Imepoa hii. Tia pilipili, Karani."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliozoeana. Siwatu akasogeza mshale mstari mmoja. Akasogeza wa pili. Hapo magoti ya mzee yakakunjika, akashuka sakafuni akikoroma, jasho likamtoka, kisha akainuka akijipangusa suruali. "Hapo sawa," alisema. Nguvu ikawa imepatikana. Siwatu akaandika.

Akaonja Meya. Wakaonja wale sita. Kila mmoja alipiga magoti, kila mmoja akainuka.

Tekla akavua saa yake, akaiweka mezani, akaweka kiganja.

Hakupiga magoti. Mgongo wake ulijipinda kwa nyuma, meno yakafungana na ncha ya ulimi ikiwa katikati, damu ikaruka mpaka kwenye karatasi za muswada. Kiganja kiling'ang'ania bamba. Siwatu alihesabu pumzi tano, na katika ile ya tatu alisikia kitu kikikatika ndani ya yule binti, pengine mfupa wa bega. Kisha mtambo ukaachia, na Tekla akaanguka ubavu.

"Kila mgeni huanguka," alisema Fungameza akicheka. "Mimi mara ya kwanza nilijikojolea. Mwamsheni."

Hakuna aliyemwamsha. Siwatu alipiga goti, akaweka sikio kifuani pake, akalihamisha, akaliweka tena. Akambonyeza kifua mpaka mikono ikamwuma. Macho ya Tekla yalikuwa wazi, moja limejaa damu. Mzee Fungameza aliacha kucheka, akavua koti lake na kumfunika, halafu akabaki amechuchumaa pale pale.

"Alikuwa na moyo dhaifu," alisema Meya. "Mungu amrehemu. Karani, geuza."

Siwatu alikuwa anatazama mshale. Kila mwaka tangu madiwani hawa waingie alikuwa ameandika maneno yale yale kwenye muhtasari wa kikao, kwa mwandiko wake mzuri: nguvu imeongezwa ili onjo liwe onjo. Mistari miwili mwaka huu, miwili mwaka jana, mmoja mwaka juzi. Aliyaandika mara kumi na moja na hakuwahi kujiuliza.

"Hakuwa na moyo dhaifu," alisema. "Nguvu inapimwa kwenu, na nyinyi mmeshazoea. Mishipa yenu imekufa ganzi, Mheshimiwa. Mmekula pilipili miaka kumi na moja, sasa tunataka kuwalisha wachanga kwa kijiko chenu. Wale wote nje hawajaguswa miaka kumi na moja. Wale wote ni Tekla."

Vishindo vya mlango wa chini vilisikika vizuri ukumbini. Watu walikuwa wameanza kuupiga kwa gogo.

"Punguza basi," alisema diwani mmoja.

"Mpaka wapi?" Meya alimgeukia. "Unajua? Mimi sijui. Ukipunguza mno hawaanguki, wanapandwa na wazimu tu. Aliyeweza kutupimia amelala pale." Akamrudia Siwatu, na sauti yake ikashuka. "Bi Siwatu, nisikilize. Leo watakufa wangapi? Si wote wataenda kama huyu. Mia tatu, mia tano. Tusipogeuza, saa kumi shanga zinahamia Makao Makuu, na huko hakuna bamba, hakuna wa kuonja hata kwa uongo. Watu milioni mbili, wao na watoto wao. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu, na kilichomuuma ni kwamba hesabu ilikuwa upande wa Meya. Aliihesabu tena, ikatoka vile vile.

"Na usiniambie unawalilia mia tano," alisema Meya. "Nimemwona yule mwenye kitambaa chekundu. Unamlilia mmoja."

"Ndiyo," alisema Siwatu. "Namlilia mmoja. Kila mmoja pale nje ana wa kumlilia." Akachomoa ufunguo kwenye sanduku, akaufumbata.

*

Meya hakupaza sauti. Alimwonyesha kidole tu sajini wa jiji, Mkude, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mkude alimheshimu Siwatu kwa miaka mingi, walikuwa wakipikiana chai. Alikuja akamwambia, "Samahani, Bi Siwatu, nipe," na aliponyimwa akampiga kitako cha bunduki kwenye taya.

Siwatu alianguka juu ya meza. Mdomo ulijaa damu na kipande cha jino. Mkude akaushika mkono wake uliofumba, akaubana mezani, akaanza kuvifungua vidole kimoja kimoja. Kidole kidogo hakikufunguka, akakivunja. Siwatu alisikia mlio kabla ya maumivu. Kilichofuata akakivunja pia. Siwatu hakulia kwa sababu hakuwa na pumzi, lakini machozi yalimtoka, na aliona aibu kulia mbele ya madiwani.

Mezani, karibu na kichwa chake, palikuwa na nyundo ya Baraza. Ni nyundo halisi ya chumvi, iliyotumika katika vita vile, na Meya huigonga akitaka utulivu. Aliishika kwa mkono wa pili na kumpiga Mkude sikioni. Haikuwa kwa nguvu sana, ila ni nyundo. Sajini akaenda chini, na bunduki ikafyatuka darini, chokaa ikamwagika juu ya wote.

Hapo Siwatu aliona mambo matatu kwa mpigo. Mkude alikuwa anainuka, damu ikimchirizika shingoni, bunduki ikimtafuta yeye. Meya alikuwa ameinama juu ya sanduku na kisu cha barua, anachokonoa tundu la ufunguo. Na mshale wa mtambo ulikuwa bado pale pale, kwenye nguvu iliyomuua Tekla.

Fungameza ndiye aliyemziba Mkude. Alimrukia miguuni, mzee wa miaka sabini na mbili, akaing'ang'ania. "Vunja, mwanangu," alisema. "Nilimcheka. Vunja." Risasi ilimwingia tumboni na akaendelea kushikilia. Ya pili ilimwingia kifuani.

Siwatu alilipiga sanduku. Mninga ni mti mgumu, pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili lilipasua kifuniko na kuvunja vidole vya Meya vilivyokuwa juu yake. La tatu lilizama ndani, kwenye vioo na nyaya, na akapiga la nne na la tano na la sita bila kuangalia, huku damu ikimtoka mdomoni, mpaka pakawa hapana tena kitu cha kupiga.

Shingoni alihisi kitu kikimtekenya, kidogo tu, kisha kikatulia. Kila mtu alikihisi. Mkude aliacha kuvuta kifyatulio, akajipapasa nyuma ya shingo. Nje kelele zilikatika, na kwa muda watu elfu nne walisimama wakijishika shingo zao. Halafu wakaelewa. Mlango wa chini ulivunjika mara moja.

*

Walipanda ngazi wakiwa na nyundo. Walikuwa wamesikia king'ora, walijua Baraza limeonja kwa ajili yao. Mkude waliyemkuta kando ya meza walimmaliza pale pale, na Siwatu hakuona kwa sababu walikuwa wengi juu yake. Diwani mmoja aliruka dirishani. Wawili walijificha chini ya meza, wakavutwa kwa miguu.

Shaweji aliingia akiwa na kitambaa chake chekundu na mikono iliyolowa hadi kwenye viwiko. Alimwona dada yake, akamwona Tekla chini ya koti, kisha akamwona Meya ameegemea ukuta, amekikumbatia kiganja chake.

"Shaweji," alisema Siwatu. Taya lilimwia zito. "Mdogo wangu, mtambo umekufa. Nimeuvunja. Hana cha kuwafanya tena."

"Alitaka kutuangusha, dada. Tumekuja kumlinda."

"Najua."

"Mtambo umekufa?"

"Umekufa."

"Basi hakuna wa kunizuia," alisema Shaweji.

Meya Ndimbo alisema jambo kuhusu barua, kwamba ipelekwe. Nyundo ilimpata kwenye paji la uso. Siwatu alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, alimwita kwa jina la mama yao, alimshika shati, na Shaweji alimsukuma pembeni kwa upole kabisa na kupiga tena. Alipiga akiita zamu, kwa sauti ya kazini, na wenzake wakaingia zamu zao.

Ufunguo ulikuwa bado kwenye kiganja kilichovunjika cha Siwatu. Mkono wake, wenyewe, ulinyooka kwenda sandukuni. Ulipapasa vipande vya kioo ukitafuta tundu. Ulikata ngozi na kuendelea kutafuta, na mshale uliolala kati ya vipande alikuwa anauona vizuri, bado unaonyesha nguvu iliyomuua Tekla. Ndipo akazinduka, akautazama ule mkono, na akatamani afe.

*

Saa tisa na nusu alikaa kwenye kiti chake cha karani. Walikuwa wameondoa maiti nane ukumbini, saba zikiwa za madiwani na moja ya Mkude. Mitambo ya mawasiliano ilikuwa nzima. Shaweji alikaa sakafuni na mgongo ukutani, kitambaa mkononi.

Siwatu aliiweka kando barua ya Meya, ile nzuri, akaandika nyingine kwa mkono wa kushoto. Alipomaliza akampa mdogo wake aisome, kwa kuwa kanuni inataka shahidi.

Kwa Spika wa Bunge la Jimbo. Jiji la Chumvini limeupokea Muswada wa Shanga. Akidi haikutimia, majina ya marehemu yameambatishwa, na chanzo cha kifo cha kila mmoja, pamoja na jina la aliyemuua pale linapojulikana. Kuhusu kifungu cha saba, jiji halina mtambo wa kukabidhi. Msijenge mwingine. Tulidhani kuonja kunatosha, na kulitufanya tusihisi. Mimi ninayeandika nilikuwa na ufunguo mkononi leo mchana, mtambo ukiwa umeshavunjika, na kama ungekuwa mzima ningeugeuza. Siwatu Makame, Karani.

Shaweji alisoma mara mbili. Jina lake alilikuta kwenye orodha, mbele ya jina la Meya na majina ya askari watatu.

"Ungenichoma, dada?"

"Ndiyo."

"Kwa ile nguvu ya Tekla?"

"Ndiyo, Shaweji."

Shaweji akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikufutika, akachukua kalamu na kutia jina lake chini ya la dada yake. Siwatu akaituma barua. Kule darajani malori ya Jimbo yalikuwa yameanza kupiga honi, na wote wawili wakabaki wameketi, wakisikiliza.